Ukuta na Ufa Wake: Tarehe ya Lipu ya Chokaa Katika Pwani

Wazee wa Pwani hawakuridhika na neno moja kwa kila namna ya ujenzi, kwani nyumba ya fito na udongo walisema imejengwa, ilhali nyumba ya mawe na chokaa walisema imeakwa, na mwenye ujuzi wa kazi hiyo ya pili ndiye aliyeitwa mwashi, jina ambalo halijatutoka vinywani hata leo, ingawa kitendo cha kuaka kilicholizaa kimekwisha kusahauliwa na wengi. Uso wa ukuta nao ulikuwa na msamiati wake: udongo hukandikwa, mapengo yaliyo baina ya mawe hutomewa kwa vijiwe na chokaa, na lipu, neno lililotujia kutoka Bara Hindi, hupigwa juu ya hayo yote. Lugha haiweki akiba ya maneno kwa jambo la upuuzi, nasi tukiyafuata maneno haya twaweza kuisoma tarehe ndefu ya watu walioishi karne kwa karne wakiujenga ukuta, kisha wakiurudia kila ulipochoka.

Asili ya ukuta huo ni bahari. Mawe yake yalikuwa matumbawe ya namna mbili: yale yaliyotolewa majini yangali mabichi, laini hata chombo cha mkono kikaweza kuyachonga, ambayo aghalabu yaliwekwa katika miimo ya milango, mihirabu na vidaka; na yale magumu ya nchi kavu, yaliyo matumbawe ya zama za kale yaliyoachwa na bahari, ambayo ndiyo yaliyojaza unene wa kuta. Chokaa nayo ilitoka katika mawe hayo hayo, kwani wachomaji walipanga magogo kwa duara, safu juu ya safu, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake, kisha wakatia moto. Na moto ukifika kadiri ya nyuzi 900 hulitoa jiwe hewa iliyofungika ndani yake, likabaki jepesi na lenye kiu, hata likimwagiwa maji huchemka, hupasuka na kuwa unga mweupe. Chokaa hiyo iliachwa majuma mengi, na pengine miezi, ipate kupoa, kwa kuwa punje isiyopoa sawasawa huendelea kufura ukutani na kuitoboa lipu baada ya fundi kwenda zake. Ajabu ya mambo ni kwamba chokaa ikishapakwa huivuta tena, kidogo kidogo, ile hewa iliyofukuzwa na moto, ikarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo lipu ya chokaa ni jiwe lililosafiri likarejea kwao.

Mintarafu ya umri wa sanaa hii, ushahidi ni mwingi. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alisimulia habari za misikiti ya mbao iliyojengwa kwa uthabiti, jambo linalotukumbusha kwamba mji wa Pwani haukuwa wa mawe matupu. Walakini huko Kilwa waashi wa zama hizo walikuwa wamekwisha kupandisha kuba na majumba, na jumba la Husuni Kubwa lingali likisimama kwa magofu yake kama shahidi. Na Wareno wa Vasco da Gama walipotia nanga Malindi mwaka 1498, katika yale waliyoona kuwa yastahili kuandikwa ni urefu wa nyumba, wingi wa madirisha na weupe wa chokaa kutani. Katika magofu ya Gedi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948, liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, ndio mwaka 1399 wa Miladi, na tarehe hiyo ilichorwa katika lipu yenyewe. Fauka ya hayo, katika magofu kadha wa kadha ya Pwani zimeonekana picha za majahazi zilizokwaruzwa katika lipu na mikono isiyojulikana, kana kwamba watu wale, waliotegemea bahari kwa riziki na kwa mawe pia, waliufanya ukuta kuwa daftari.

Sanaa hii ilifika kilele chake katika nyumba za waungwana wa Lamu na Pate za karne ya 18. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulitawaliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ambayo kwa kawaida haikuvuka mita 3. Na katika chumba cha ndani kabisa ukuta mzima ulijazwa zidaka, safu juu ya safu, zenye nakshi zilizochongwa katika lipu, humo zikawekwa sahani na bakuli za kutoka ng'ambo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuionya nafsi yake katika utenzi wake wa Al-Inkishafi juu ya ulimwengu usiodumu, aliyatazama majumba ya Pate yaliyokwisha kuhamwa, kwani msikilizaji wa zama zake alijua barabara fahari iliyokuwa ndani ya kuta zile. Wala si haki kuisifu fahari hiyo bila kuwataja walioibeba, kwa maana sehemu kubwa ya kazi nzito, ya kukata mawe, kuchukua maji na kubeba chokaa vichwani, ilifanywa na watumwa, ambao majina yao hayakuchorwa katika lipu yoyote.

Kazi nyingine ilikuwa ya wengi na ya furaha. Dari la nyumba ya mawe lilifunikwa sakafu ya chokaa na kokoto, na sakafu hiyo ilipigwa kwa vipande vya mti siku kadhaa mfululizo, wapigaji wakienda pamoja kwa wimbo, mpaka ikashikana na kuzuia mvua.

Lakini mvua haizuiliki milele. Masika hulowesha ukuta, kusi huukausha, chumvi ya bahari hupanda na kushuka ndani yake, na chokaa, iliyo laini kuliko jiwe, ndiyo inayochakaa kwanza. Mtu wa leo huiita hali hiyo udhaifu, ilhali waashi waliijua kuwa ndiyo hekima ya ukuta, kwa kuwa lipu hufa ili jiwe lipone, na lipu ni rahisi kuirudishia. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta hutumika siku hizi kuwaonya wazembe wa kila namna. Lakini ukiisikiliza kwa masikio ya mwashi, utaona kwamba haimlaumu aliyejenga kwa sababu ufa umetokea. Ufa umekubaliwa tangu mwanzo kama mgeni wa kila mwaka, na kinachoulizwa ni iwapo mwenye nyumba atatoka kwenda kumpokea.

Makubaliano hayo yalivunjwa na saruji. Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliipatia hataza saruji yake aliyoiita ya Portland mwaka 1824, na ilipopita karne na zaidi kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuitoa mwaka 1954, kikafuatwa na cha Wazo, Dar es Salaam, mwaka 1966. Saruji ilikauka upesi, haikuhitaji kungojewa miezi, na ilimwahidi mwenye nyumba ukuta usiorudiwa. Katika nyumba mpya za matofali ya saruji ilitimiza mengi ya ahadi yake. Ilipopigwa juu ya matumbawe ya kale ilileta hasara, kwani ni ngumu kuliko kitu inachokifunika, na maji yaliyozoea kutoka kwa kupumua kwa chokaa yalifungiwa ndani pamoja na chumvi. Baada ya miaka kadhaa lipu ile hubanduka vipande vipana, ikaondoka na uso wa jiwe, na tahamaki ufa uliotaka mwiko mmoja wa chokaa umekuwa pengo la kutafutiwa waashi watatu. Ndiyo maana Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa Zanzibar mwaka 1985, pamoja na wahifadhi wa Lamu, walilazimika kuwarudisha mafundi kwenye chokaa. Na miji hiyo miwili ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, Zanzibar mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001.

Basi aliyerithi nyumba ya namna hii, naye hajapata kushika mwiko maishani, asidhani kwamba ujuzi huu umefungiwa wateule. Na aanze kwa kuugonga ukuta polepole kwa vifundo vya vidole, maana lipu iliyo hai hujibu kwa sauti nzito na iliyoachana na jiwe hulia kama debe tupu. Iliyoachana aitoe yote, asiionee huruma, mpaka afike penye kushika. Kisha apafagie vumbi, apaloweshe maji, kwani jiwe kavu huinywa chokaa kabla haijashikana, atomee mapengo makubwa kwa vijiwe, ndipo apige lipu ya fungu moja la chokaa kwa matatu ya mchanga safi usio na chumvi, kwa tabaka nyembamba, kila moja isizidi sentimita moja, akingoja ya kwanza ishike kabla ya kuongeza ya pili. Makosa ya wanaoanza aghalabu ni mawili, kuchanganya na saruji kwa kuona chokaa yachelewa, na kulijaza pengo zima kwa mara moja, ambapo lipu nene hujikaza ikikauka na kupasuka pale pale. Macho na ayalinde, kwa sababu chokaa huunguza.

Baada ya hapo hutundika gunia bichi mbele ya kiraka, jua lisikikaushe kwa ghafula, na kila jioni hurudi kulilowesha. Kiraka kitaonekana cheupe kuliko ukuta wote ulio kando yake, na wapitao watajua wazi mahali alipogusa; asione haya. Ile hewa iliyofukuzwa tanurini ndiyo kwanza imeanza kurudi, na itaendelea kurudi miezi mingi baada ya gunia kuondolewa, mpaka masika ijayo itakapolikuta jiwe mahali palipokuwa na ufa, na ikaanza kutafuta ufa mwingine.