Miungu Inapigana au Miungu Wanapigana? Majina ya Kiungu katika Katuni za Mashujaa na Katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa kata ya Nsemulwa, mjini Mpanda, anapojaza fomu ya shule huandika jina la mkoa wake: Katavi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Kabla ya hapo jina Katavi lilikuwa tayari la Hifadhi ya Taifa, iliyotangazwa mwaka 1974, na kabla ya hifadhi lilikuwa la ziwa. Lakini chanzo chake si mahali. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wabende, Katavi, au Katabi, alikuwa mwindaji hodari ambaye mzimu wake hukaa katika mkwaju karibu na ziwa hilo, na watu wanaotafuta baraka zake huweka sadaka chini ya mti huo. Kila anayejaza fomu hiyo, basi, anaandika jina la mwenye kutolewa sadaka, mara nyingi pasipo kujua.

Jina la kiungu linaweza kuhamia mahali pengine na kuacha nyuma ibada, hadithi, au vyote viwili. Mfano unaojulikana zaidi duniani leo ni ule wa miungu ya Wayunani wa kale, ambao baada ya hekalu zao kufungwa wamepata makao mapya katika vitabu vya katuni vya Marekani. Mhadhara huu unachunguza safari ya majina hayo, unaonyesha kwamba Kiswahili nacho kimeyapokea kwa njia zake, na unahoji kwamba katika lugha hii swali la hadhi ya mungu hujibiwa, kwanza kabisa, na upatanisho wa kisarufi.

2.0 Miungu ya Kiyunani katika Kiswahili

Ni kosa kudhani kwamba miungu hao walifika Afrika Mashariki pamoja na sinema na katuni. Walifika mapema zaidi, ila walifika wakiwa wamevaa mavazi ya wengine.

Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo wa Athumani na wenye hati ya mwaka 1728, ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyobaki. Mpinzani wa Waislamu katika utendi huo ni Herekali, yaani Kaisari Heraclius aliyetawala Dola ya Rumi ya Mashariki kuanzia mwaka 610 hadi 641. Jina la kaisari huyo limetokana na jina la shujaa Herakles, ambalo lenyewe limebeba jina la mungu wa kike Hera. Hivyo Hera yumo katika ushairi wa Kiswahili tangu karne ya 18, amejificha ndani ya jina la mtawala Mkristo, katika utungo wa Mwislamu.

Njia ya pili ni tafsiri ya Biblia. Katika Matendo ya Mitume sura ya 14, watu wa Listra wanamwita Barnaba Zeu, na Paulo wanamwita Herme kwa kuwa ndiye msemaji. Katika sura ya 19 yumo Artemi wa Waefeso. Majina haya yamepoteza konsonanti ya mwisho ili silabi ziwe wazi, kama zinavyotakiwa na fonolojia ya Kibantu. Katika kitabu hichohicho yumo Apolo, mhubiri Mkristo ambaye jina lake limetokana na Apollo, mungu wa Wayunani. Jina hilo limewahi kubebwa na Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, na Apolo Milton Obote, Rais wa Uganda. Hakuna aliyedhani kwamba jina hilo liliwaweka chini ya ulinzi wa mungu wa Kiyunani. Jina lilibaki; mwenye jina alikwisha kusahauliwa.

3.0 Miungu katika katuni za mashujaa

Katika katuni za Marekani mambo yalikwenda kinyume. Huko mwenye jina alirudishwa, akapewa mwili, sauti na ugomvi.

Mwaka 1940 alitokea Captain Marvel, kijana anayepata nguvu kwa kutamka neno SHAZAM. Neno hilo limeundwa kwa herufi za kwanza za majina sita: Solomon, Hercules, Atlas, Zeus, Achilles na Mercury. Msomaji wa Kiswahili hushtushwa na orodha hiyo kuliko msomaji wa Marekani, kwa sababu jina la kwanza ni la Nabii Suleimani, anayeheshimiwa hadi leo na ambaye katika ngano za pwani ndiye mwenye amri juu ya majini. Watano wengine hawana anayewasujudia. Aliyeiunda orodha aliwaweka wote katika mizani moja.

Mwaka 1941 William Moulton Marston alimleta Wonder Woman, binti wa kabila la wanawake mashujaa wanaolindwa na Aphrodite. Adui yao mkuu, mungu wa vita, aliitwa kwa jina la Kirumi, Mars. George Pérez alipoisuka upya hadithi hiyo mwaka 1987 alimrudishia mungu huyo jina la Kiyunani, Ares, na mwaka 2011 waandishi wengine wakamfanya Wonder Woman kuwa binti wa Zeus. Mwaka 1965 Stan Lee na Jack Kirby walimwingiza Hercules katika kundi la wahusika wao, naye akabaki na jina la Kirumi hali baba yake anaitwa kwa Kiyunani. Kirby huyohuyo, mwaka 1976, alibuni jamii ya viumbe wasiokufa wenye majina kama Zuras, Thena na Ikaris, kwa dhana kwamba watu wa kale waliwaona wakadhani ni miungu.

Mifano hii inaonyesha uhuru mkubwa. Majina huchanganywa, nasaba hubadilishwa, sababu mpya za kuwapo hutungwa. Uhuru huo una chanzo: hakuna kuhani wa Zeus wa kupeleka malalamiko kwa mchapishaji.

4.0 Hoja ya upatanisho

Sasa tuchukue ukurasa mmoja wa katuni hizo na kumpa mfasiri wa Kiswahili. Katika picha, Ares na Hercules wanarushiana ngumi. Je, mfasiri aandike "miungu inapigana" au "miungu wanapigana"?

Kimofolojia, mungu/miungu ina viambishi vya m-/mi-, sawa na mti/miti. Umbo hilo peke yake haliamui lolote, kwa sababu mtume/mitume ina viambishi hivyohivyo, lakini mitume huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai: mitume wengine, mitume walisema. Hakuna msemaji anayesema "mitume mingine". Kwa miungu hali ni tofauti. Wafasiri wa Biblia, katika amri inayokataza kuabudu wasio Mungu wa kweli, walichagua "mingine", na matumizi ya "miungu yao" yameenea katika maandishi ya dini. Katika umoja tofauti hii hujificha kwenye vivumishi, kwani "mwingine" ni sawa katika ngeli zote mbili. Hujitokeza kwenye kitenzi. Mungu alisema, lakini miungu ilianguka.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Mitume ni watu. Miungu ya wengine, kwa mtazamo wa mfasiri, ni sanamu za mti na mawe, na upatanisho umewapa hadhi ya mti na mawe. Sarufi imebeba hukumu ya kiteolojia bila kuitangaza.

Katuni inaivuruga hukumu hiyo. Mhusika anayenuna, anayeona wivu na kuvuja damu hawezi kubaki katika ngeli ya miti. Mfasiri atajikuta ameandika "miungu wanapigana", na kwa kufanya hivyo amewapandisha hadi kuwa watu. Lakini kupandishwa huko ni kushushwa pia: wamekuwa watu kwa sababu hawaabudiwi tena. Kiswahili kinaweza kuonyesha kwa silabi moja jambo ambalo Kiingereza, lugha ya katuni zenyewe, hakina njia ya kulionyesha katika kitenzi.

5.0 Mashujaa na katuni za Afrika Mashariki

Fasihi ya Kiswahili ina shujaa wake mwenye nguvu zipitazo za kawaida. Fumo Liyongo, katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hashindwi kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, naye anauawa na mwanawe mwenyewe. Hufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Anafanana na Achilles, ambaye udhaifu wake ulikuwa kisiginoni. Hata hivyo Achilles ni mwana wa mungu wa kike, hali Liyongo ni binadamu tu. Katika jamii ya Kiislamu, ambamo Mungu hana mwana wala mshirika, shujaa hawezi kupewa nasaba nyingine.

Katuni zilizovuma katika magazeti ya eneo hili nazo hazikumtafuta mungu. Juha Kalulu wa Edward Gitau, katika gazeti la Taifa Leo nchini Kenya, ana jina ambalo katika lugha kadhaa za Kibantu ni la sungura. Ndumilakuwili wa jarida la Sani nchini Tanzania ana jina la nyoka anayedhaniwa kuuma kwa pande mbili. Wote wawili wametoka katika ngano za wajanja na wajinga, ambamo akili hushinda misuli. Mizimu ya mahali haikuchorwa kuwa mashujaa, na si kwa kukosa mizimu.

6.0 Ororo na Katavi

Mchoraji wa mbali amewahi kuliziba pengo hilo kwa namna yake. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum walimleta Storm, mwanamke mwenye kuamuru mvua, ambaye wanakijiji nchini Kenya wanamwabudu. Mgeni anafika na kumweleza kwamba yeye si mungu, bali ni binadamu aliyezaliwa na uwezo wa pekee. Jina lake ni Ororo. Msikilizaji wa Kiswahili husikia humo kivumishi -ororo, kama katika ngozi nyororo. Waabudu wake, lakini, hawana kabila, lugha wala masimulizi yanayotambulika. Wamewekwa hapo ili wakosolewe.

Tofauti inaonekana nchini India, ambako mfululizo wa Amar Chitra Katha, ulioanzishwa na Anant Pai mwaka 1967, ulimchora Krishna kwa ajili ya watoto wa jamii inayomwabudu. Kwa hiyo si kweli kwamba mungu anayeabudiwa hachoreki. Linaloamua ni nani anachora, na kwa ajili ya nani.

Katavi yuko katikati ya hali hizi. Katika matangazo ya utalii jina lake limekwisha kuhamia katika ngeli za mahali na vitu: Katavi kuna viboko wengi, Katavi ina nyika pana. Anayesema "Katavi anakaa mkwajuni" amemrudisha katika ngeli ya watu. Kiambishi a- katika sentensi hiyo kinashikiliwa na hadithi peke yake. Hadithi ikikosa wasimulizi, a- itatoweka na ina- itabaki, kama Apolo alivyobaki bila Apollo.

7.0 Hitimisho

Itavutia kupendekeza kwamba Katavi achorwe, upinde mkononi, ili watoto wa Nsemulwa wamjue kama wanavyoweza kumjua Hercules. Pendekezo hilo si baya, lakini lina mpangilio wake. Uhuru walioutumia Kirby na Pérez ulitokana na madhabahu kuwa tupu. Chini ya mkwaju wa Katavi sadaka huwekwa. Hatua ya kwanza ni kuyarekodi masimulizi kwa Kibende na kwa lugha jirani, hususan Kipimbwe, kutoka kwa wanaoyamiliki na kwa ridhaa yao, pamoja na tofauti zake. Hatua ya pili ni kuyatafsiri kwa Kiswahili kwa uangalifu wa upatanisho: kila mahali msimulizi alipomtaja Katavi kama nafsi, tafsiri isimgeuze kitu. Kama baada ya hapo wenye hadithi wataona inafaa ichorwe, mchoraji atakuwa na jambo la kuchora. Kazi hizo mbili za kwanza hazihitaji kampuni ya katuni. Zinahitaji wanafunzi wa isimu wenye kinasa sauti, daftari, na heshima ya kusubiri ruhusa.