Karata za Cowles na Hela ya Alizeti

Baada ya mavuno, kaka yangu aliuza alizeti yake Kongwa, kisha akanipigia simu Dodoma mjini. Alikuwa ameuziwa mfumo wa kununua na kuuza hisa. "Mdogo wangu, umepatia mara 7 kati ya 10," alisema. Alitaka kuweka humo hela yote ya magunia. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo, alinitaka nimpe baraka.

Mtu wa kwanza kulipima jambo hili kwa uzito alikuwa Mmarekani Alfred Cowles, tajiri aliyekuwa akisoma vijarida vya utabiri wa hisa. Soko liliporomoka mwaka 1929, na vijarida havikuwa vimemwonyesha hatari. Mwaka 1933 alichapisha matokeo ya upimaji wake. Alikuwa amepitia mapendekezo yapata 7,500 ya kampuni 16 za ushauri. Alipima pia maandiko ya William Peter Hamilton, mhariri wa Wall Street Journal, ya kuanzia 1904 hadi 1929. Kati ya mara 90 alizobadilisha msimamo kuhusu soko, Hamilton alipatia 45 na kukosea 45.

Kisha Cowles akatengeneza watabiri wa bandia kwa kuchomoa karata, akawalinganisha na wale halisi. Hata waliofanya vizuri zaidi hawakuizidi bahati kwa kiasi cha kutajika. Tangu hapo swali likawa lingine. Hatuulizi tena mfumo umepata faida gani. Tunauliza bahati peke yake ingepata ngapi.

Huku kwetu, soko la hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Mwaka 1994, Dickinson na Muragu walichapisha utafiti wa bei zake, na hawakuona kwamba bei za nyuma zinamsaidia mtu kutabiri zijazo. Dar es Salaam ilianza biashara mwaka 1998 ikiwa na kampuni moja, TOL. Soko dogo lina mtego wake: hisa nyingine hukaa siku kadhaa bila mnunuzi. Mfumo unaweza "kuuza" kwenye karatasi siku ambayo sokoni hakukuwa na wa kumuuzia, na ada ya dalali haimo kwenye hesabu.

Nilimwambia kaka kwamba sarafu ikirushwa mara 10, hupatia 7 au zaidi karibu mara 17 katika kila majaribio 100. Wakirusha sarafu watu mia, 17 hivi watajiona wana mfumo, na hao ndio watakaotangaza.

Akanyamaza. Nikamkumbusha karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka pori la Kongwa kwa matrekta, wakitegemea ripoti ya ziara ya wiki tisa. Mvua ikawa haba, udongo ukakauka kama saruji. Mwaka 1951 mpango ulikufa, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa vitabuni. Hakuna aliyeanza na shamba dogo la majaribio.

Tukakubaliana: daftari moja, safu mbili, Mfumo na Sarafu. Kila utabiri unaandikwa kabla ya bei kujulikana. Juzi alinitumia picha. Kati ya tabiri 23, mfumo umepatia 13, sarafu 11.

"Si unaona, unaongoza!" aliandika.

"Bado mapema, kaka," nilijibu. Hela ya alizeti ingali benki.