Chakula cha Mama Mjamzito: Habari za Zamani na za Sasa

Tunapohesabu miaka 100 ya Dayosisi yetu ya Masasi, iliyoanzishwa katika mwaka wa 1926, twawakumbuka maaskofu, mapadre na walimu waliotutangulia. Imetupasa kuwakumbuka na kina mama, kwa kuwa hakuna mtoto aliyeletwa kwenye birika la ubatizo asiyebebwa kwanza tumboni.

Wazee katika sehemu nyingi za nchi yetu walimkataza mjamzito kula mayai, wakisema mtoto atazaliwa hana nywele. Wengine walimwonya asile sana, mtoto asije akawa mkubwa akashindwa kutoka. Watu wa Ulaya nao walikuwa na miiko yao. Katika mwaka wa 1889 mganga wa Hamburg, Ludwig Prochownick, aliandika habari za kuwapunguzia chakula wanawake wenye nyonga nyembamba, ili mtoto awe mdogo apate kupita. Baadaye waganga wengi wa Ulaya na Marekani waliwaagiza hata wanawake wenye nyonga pana wasinenepe, wakidhani kwamba kunenepa ndiko kunakoleta kifafa cha mimba.

Basi wazee wetu na waganga wale waliogopa jambo moja, wala hofu yao haikuwa ya bure. Raheli, mke wa Yakobo, alifariki katika kuzaa, njiani kwenda Efrata. Na zamani kumpasua mama ili kumtoa mtoto kulikuwa karibu sawa na kumwua. Lakini njaa haikuwa dawa ya hofu hiyo. Mama asiyeongezeka uzito ipasavyo aweza kuzaa mtoto mwepesi mno, na mtoto wa chini ya kilo 2.5 yumo katika hatari kubwa zaidi kuliko wenzake.

Kilichopunguza hatari ni mkunga aliyefundishwa na hospitali iliyo karibu. Kwetu twamkumbuka Daktari Leader Stirling, mpasuaji, aliyekuja katika mwaka wa 1935 akafanya kazi Lulindi, na ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania.

Hata katika mwaka wa 1970 wataalamu wa Marekani waliliacha shauri la kuwabana wajawazito, wakasema yafaa waongezeke ratli 20 hadi 25, yaani kilo 9 hadi 11 hivi. Katika mwaka wa 2009 walitoa kipimo kipya: mwenye mwili wa kadiri aongezeke kilo 11.5 hadi 16, aliyekonda, 12.5 hadi 18; mnene, 7 hadi 11.5, na mnene kupita kiasi, 5 hadi 9. Kwa hiyo kuzidisha nako kuna madhara, wala si kweli kwamba mjamzito lazima ale chakula cha watu wawili.

Enyi walimu, wafundisheni watu kwamba mizani ya kliniki si ya kumwaibisha mama. Uzito ukipanda ghafula, na uso na mikono ikivimba, apelekwe hospitali siku ile ile. Nanyi waume, msingojee miezi ipite ndipo mwaruhusu safari ya kliniki. Na yai likiwapo nyumbani, mpeni mama. Malaika alipomjia mke wa Manoa alimkataza divai, kileo na vitu najisi; hakumwagiza akae na njaa. Mungu awalinde kina mama wetu, na watoto watakaoimba katika jubilii zijazo.