SAFU YA LUGHA: Usukani ni upi?
Ukitaja usukani mjini Kahama, mkoani Shinyanga, dereva wa lori atafikiria gurudumu analolishika. Ukiutaja Nkome au Chato, ufukweni mwa Ziwa Victoria mkoani Geita, maana hupanuka. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la vyombo vya majini kabla ya kupanda gari: ni ule ubao wa tezini unaogeuza chombo. Mkono wa kuuzungusha huitwa kana.

Tofauti hizi ni muhimu kwa anayetaka kubadilisha usukani. Mtumbwi wenye injini ya kushikwa kwa mkono hauhitaji ubao; injini yenyewe ndiyo hugeuzwa. Boti yenye gurudumu kwa kawaida hutumia waya au mabomba ya mafuta ya haidroliki yanayofika hadi kwenye injini au ubao. Gurudumu likiwa zito, huenda waya umeshika kutu, na kununua gurudumu jipya hakutaponya kitu.

Basi mtajie fundi sehemu kwa jina lake: ubao, kana, gurudumu au waya. Ziwani, neno sahihi huokoa fedha, na huweza kuokoa abiria.