Pikapu Mbili, Gita Moja

Kwa wengi wetu pikapu ni gari la kubebea mahindi na mbuzi siku ya gulio. Wapigaji wa magita ya umeme wana pikapu yao nyingine, ndogo ya kuenea kiganjani: sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kama unywele, ikafungwa chini ya nyuzi za chuma. Uzi unapotikisika mbele ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya, ukaenda hadi kwenye amplifaya na kutokea kwenye spika ukiwa sauti. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwaonyesha watoto msumari, waya na betri anaijua kanuni hiyo, ila hapa imegeuzwa: badala ya umeme kuzaa usumaku, mtikisiko wa chuma mbele ya sumaku ndio unaozaa umeme.

Magita mengi huwa na pikapu mbili. Moja hukaa karibu na shingo, nyingine karibu na daraja, yaani kile kipande kinachobeba nyuzi upande wa mkono unaopiga. Namna ya kuzichagua ili zikae vizuri pamoja ni jambo nililoanza kulifuatilia uzeeni. Nililolikuta katika historia yake lilinishangaza: waliozibuni waliziweka mbili katika gita moja, lakini kwa miaka mingi hawakuzifungisha ndoa.

Mwanzo ilikuwa moja tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Los Angeles, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walitengeneza gita la kupakata mapajani, lenye sumaku mbili zilizopinda kama kwato za farasi, watu wakalibandika jina la kikaango. Hataza yake ilitolewa mwaka 1937. Wakati huo kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Michigan, ilikwisha toa gita lake la ES-150 mwaka 1936, pikapu ikiwa upande wa shingo. Kijana Charlie Christian aliingia nalo katika kundi la Benny Goodman mwaka 1939, na gita, ambalo hapo awali lilimezwa na tarumbeta, likapata nafasi ya kusema. Alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25. Sauti aliyotuachia ni ya shingoni, nene na laini.

Kwa nini shingoni kuwe na unene huo? Mtazame mtoto wa shule anayeruka kamba. Karibu na mkono wa anayeizungusha, kamba haiinuki sana. Katikati ndiko inakopita juu ya kichwa cha mrukaji. Uzi wa gita ni vivyo hivyo. Karibu na daraja hutikisika kidogo tu, na kinachosikika zaidi ni mitetemo midogo midogo yenye makali. Kuelekea shingoni hutikisika kwa upana, na besi hujaa. Kwa hiyo pikapu mbili zilizo sawa kwa kila kitu, zikiwekwa kwa kimo kimoja, hazitatoa sauti sawa: ya shingoni itaizidi kelele ile ya darajani. Anayetaka zilingane hana budi kuiongezea ya darajani mizunguko ya waya, au kuipa sumaku yenye nguvu zaidi, au kuiinua iwe karibu zaidi na nyuzi.

Leo Fender wa Fullerton, California, alikuwa fundi redio ambaye hakujua kupiga gita. Mwaka 1950 alitoa gita la ubao mtupu lenye pikapu mbili, akaliita Broadcaster. Jina lilifanana mno na la ngoma za kampuni ya Gretsch, na mwaka 1951 likawa Telecaster. Pikapu zake zilitofautiana tangu kuzaliwa. Ya darajani ilikalia bamba la chuma. Ya shingoni ilikuwa ndogo zaidi, yenye waya mwembamba zaidi, na ilifunikwa kwa kifuniko cha bati. Hapo mtu angedhani fundi huyu alikuwa akitafuta jozi. Lakini itazame swichi yake. Kuanzia mwaka 1952 hadi 1967, swichi ile ilipotoka kiwandani ilikuwa na nafasi tatu: pikapu ya darajani peke yake, ya shingoni peke yake, na ya shingoni tena ikiwa imezimwa makali yote ili iigize besi. Nafasi ya kuziwasha zote mbili kwa pamoja haikuwapo! Miaka kumi na mitano wake wawili walikaa nyumba moja wala hawakuruhusiwa kuonana. Wapigaji walikuwa wakifungua magita yao na kubadili nyaya kwa mikono yao, mpaka kiwanda nacho kikafuata.

Gibson, katika gita lake la Les Paul la mwaka 1952, aliruhusu zote mbili zisikike swichi ikiwa katikati. Hata hivyo kando ya swichi hiyo aliandika maneno mawili tu ya Kiingereza, Rhythm upande wa shingo na Treble upande wa daraja. Hiyo ni akili ya mtu anayeona kazi mbili za zamu: sasa sindikiza, sasa toka mbele. Katika bendi zetu za dansi kazi hizo tuliwagawia watu. Mmoja alipiga rithimu, mwingine solo, na asiyejua mpaka wake aliambiwa na kiongozi palepale jukwaani.

Mwaka 1955 mhandisi wa Gibson, Seth Lover, aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili pembeni kwa pembeni, sumaku zikielekezwa kinyume na nyaya zikiunganishwa kinyume, hata mvumo wa umeme wa taa unaoingia koili moja unafutwa na ule wa koili ya pili, ilhali sauti ya nyuzi inajumlishwa. Zilianza kufungwa kwenye magita mwaka 1957, na hataza ikatoka mwaka 1959. (Baadaye kampuni ilichapa chini ya pikapu hizo namba ya hataza ya kifaa kingine kabisa, kishikio cha nyuzi cha Les Paul. Wapo wanaosema ilikuwa mbinu ya kuwapoteza waigaji.) Leo gita la Les Paul la miaka 1958 hadi 1960 huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na watu husifu jinsi pikapu zake mbili zinavyopatana. Ukweli ni kwamba hakuna aliyezipatanisha. Koili zilitoka na mizunguko takriban 5,000 kila moja, nyingine zaidi, nyingine pungufu; sumaku nazo zilichanganywa za aina mbalimbali. Pikapu hazikuwekewa alama ya shingo wala daraja. Ukizipima leo, ukinzani wake huwa kati ya kilo-omu 7 na 9 hivi. Pale ambapo bahati iliiweka yenye waya mwingi darajani, gita lilisifika.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu kabla sijalisoma popote. Mwaka 1973, nikiwa chuo cha ualimu, bendi yetu ya wanachuo ilikuwa na gita moja la umeme lenye pikapu mbili zilizofanana, na ya darajani ikakatika waya. Fundi redio wa mjini aliizungusha upya kwa waya alioutoa kwenye transfoma ya redio kuukuu. Waya ule ulikuwa mnene kuliko wa asili, koili ikajaa kabla mizunguko haijatosha. Akaijaribu darajani: mnong'ono mtupu. Mzee yule hakubishana nayo. Aliihamishia shingoni, ile nzima akaileta darajani, na tangu usiku huo gita likasikika vizuri kuliko lilivyokuwa kabla ya kuharibika.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, huko Marekani, Larry DiMarzio alikuwa ametoa pikapu aliyoiita Super Distortion, yenye sumaku ya kauri na ukinzani wa zaidi ya kilo-omu 13. Ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuzwa peke yake, mtu akafunge mwenyewe. Mwaka 1976 kampuni ya Seymour Duncan ikaanzishwa California. Hapo ndipo uchaguzi ulipohamia mikononi mwa mpigaji, pamoja na matatizo yake, kwani nguvu ndiyo iliyouza. Jozi maarufu ya Duncan huweka darajani pikapu ya takriban kilo-omu 16, na shingoni ya chini ya 8. Wanaotazama namba hizo peke yake hupotea. Ukinzani si nguvu. Waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani hata mizunguko isipoongezeka kwa kiasi hicho. Kinachosomeka pale ni nia: ya shingoni imeachwa nyepesi makusudi, isije ikawa uji.

Mjukuu wangu hupiga gita katika bendi ya harusi. Mwaka juzi alilipwa vizuri miezi miwili mfululizo, akaja na nia ya kung'oa pikapu zote mbili za gita lake la mtumba na kuagiza jozi yenye nguvu kuliko zote alizozisikia. Sehemu ya fedha hizo alikuwa amemwahidi dada yake kwa ada ya muhula. Sikumkataza, maana fedha ni zake na ahadi ni yake. Nilimwomba tu bisibisi. Tuliishusha ya shingoni chini kama milimita moja na nusu, tukaiinua ya darajani kidogo, akapiga jioni nzima. Akakubali kwamba ya shingoni haina kosa, tena ni tamu. Iliyopungukiwa ni ya darajani. Akanunua moja badala ya mbili, ya kiasi, kilo-omu 9 kwa mwenzake 7 na nusu, na dada yake akaingia darasani siku ya kufungua shule.

Fundi alipoifunga, kila moja ilisikika vyema peke yake. Swichi ilipowekwa katikati, sauti ikakonda kama ya redio ya mfukoni, besi yote imetoweka. Viwanda tofauti huzungusha waya na kuelekeza sumaku kila kimoja kwa desturi yake, na pikapu mbili zikisukuma kinyume hufutana. Kwa bahati ile mpya ilikuwa na nyaya zake za koili peke yake, mbali na waya wa ngao. Fundi akazilehemua mbili, akazibadilishana nafasi, akalehemu upya. Ilichukua dakika kumi. Sasa mjukuu wangu hupiga rumba karibu zote swichi ikiwa katikati, na ile ya darajani peke yake huiwasha maharusi wanapoingia ukumbini.