Ufafanuzi: Kamera na muziki kwa bei nafuu, na namna ya kuijua memori kadi ya bandia

Katika nyumba nyingi za Kibondo na Kasulu, picha za harusi, za ubatizo na za wazee waliotangulia mbele ya haki hazipo tena kwenye albamu. Zipo kwenye memori kadi ndogo kuliko ukucha, na mara nyingi kadi hiyohiyo ndiyo huchomekwa kwenye redio jioni ili kupiga nyimbo. Kadi ikiharibika, vyote hupotea pamoja. Makala hii inawaeleza wanachama wa klabu za kompyuta, na yeyote anayependa vifaa hivi, wanunue nini kwa fedha kidogo na watunze vipi walichopiga na kurekodi.

Tulikotoka

Kamera ya kwanza ya kidijitali ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, Marekani. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, nyeusi na nyeupe, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhiwa kwenye kaseti. Leo hata kitochi chenye kamera kinaipita mbali.

Picha: usidanganyike na megapikseli

Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Ili kuchapa picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 iliyo safi, unahitaji megapikseli 2 hadi 3 tu. Kamera ya zamani ya megapikseli 5 yenye lenzi nzuri yaweza kutoa picha bora kuliko simu ya bei ya chini iliyoandikwa namba kubwa.

Kabla ya kulipa, jaribu mambo matatu. Piga picha ndani ya duka penye mwanga hafifu, kisha uikuze uone kama imejaa chengachenga. Vuta kitu cha mbali: lenzi ikitoka nje, unapata ukaribu wa kweli, isipotoka, mara nyingi kamera inakata na kukuza tu, na picha hufifia. Mwisho, tazama betri. Kamera inayotumia betri za AA ni rahisi kuitunza kijijini, ila betri za bei ya chini huisha upesi. Zile za kuchaji hulipa zaidi. Wilaya hizi ziliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022, lakini mbali na nyaya wengi bado huchaji kwa sola.

Simu ya mkononi iliyotumika nayo inafaa. Ila bonyeza *#06# kupata namba yake ya utambulisho, kisha uitume kwenda 15090 uone kama inalingana na simu uliyoishika. TCRA ilizima simu bandia kwenye mitandao tarehe 16 Juni 2016. Dai risiti, ili usije ukashikwa na mali ya wizi.

Muziki: hesabu ya nafasi

Wimbo wa MP3 wa ubora wa kawaida, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua karibu megabaiti 1 kwa dakika. Hivyo kadi ya gigabaiti 4 hubeba takriban nyimbo 1,000 za dakika nne. Kwa mazungumzo, kama bibi akisimulia hadithi kwa Kiha, kilobiti 64 zinatosha, na gigabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 30.

Kwa redio ndogo, usinunue kadi kubwa. Kadi za hadi gigabaiti 32 hutumia mpangilio uitwao FAT32, unaosomwa na redio nyingi. Kadi za gigabaiti 64 na kuendelea huja na mpangilio mwingine, exFAT, na redio nyingi hukaa kimya ukizichomeka.

Kumbuka pia kwamba kurushiwa nyimbo za msanii kwa malipo bila idhini yake ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwaya ya kwenu ikikubali urekodi nyimbo zake, hiyo ni mali safi.

Kadi ya bandia hufanyaje kazi?

Ndani ya kadi kuna kifaa kidogo kinachoiambia simu ukubwa wa nafasi. Mlaghai huchukua kadi ya gigabaiti 4, akaibadilisha maelezo iseme 64, kisha akabandika nembo ya kampuni kubwa. Mwanzoni kila kitu ni sawa. Ukishavuka gigabaiti 4, majina ya picha yanaonekana lakini picha hazifunguki. Mtu hugundua baada ya sherehe kwisha.

Hapa ndipo klabu ya kompyuta inaweza kuwasaidia majirani. Programu za bure H2testw (Windows) na F3 (Linux) huijaza kadi yote, kisha huisoma tena na kutoa majibu. Kadi ya gigabaiti 32 huweza kuchukua saa moja au zaidi. Ipime ikiwa tupu, siku hiyohiyo uliyoinunua, na umwambie muuzaji mapema kwamba utaipima.

Faili zimepotea? Usifomati

Ukikuta mafaili yamegeuka vialama vya njia ya mkato, mara nyingi ni kirusi kilichoyaficha. Usibofye vialama hivyo. Safisha kwanza kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi. Kisha, kama kadi inaonekana kama E, fungua dirisha la amri uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yako yataonekana tena. Ukienda kuchapa picha stesheneri, tumia adapta ya kadi na usogeze kile kiswichi cha pembeni upande wa kufunga, kirusi kisiingie.

Kama picha zimefutwa, acha kuitumia kadi mara moja, kwa sababu kila picha mpya yaweza kufunika ya zamani. Programu ya bure PhotoRec huweza kuzirudisha nyingi. Zihifadhi kwenye kompyuta, si kwenye kadi hiyohiyo.

Kwa ufupi

• Nunua kadi ndogo iliyo halali kuliko kubwa ya kutilia shaka.
• Tenga kadi ya picha na kadi ya nyimbo.
• Weka nakala mbili, katika nyumba mbili tofauti.
• Ukituma picha muhimu kwa WhatsApp, itume kama faili, isipunguzwe ubora.
• Kiangazi vumbi jekundu huharibu lenzi. Funga kamera kwenye mfuko wa plastiki.
• Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Katika kambi za wakimbizi, kuingia tu kunahitaji kibali cha serikali.

Kamera ikiibwa, utanunua nyingine. Sauti ya bibi haiuzwi popote: inakili leo.