Simba Wanyika: Historia ya Bendi na ya Jina Lake

Msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi na Arusha kwa njia ya barabara hupita Muheza, Segera na Korogwe, kisha hufika Makuyuni kabla ya kuingia Mombo. Makuyuni hii ya Wilaya ya Korogwe isichanganywe na Makuyuni ya Monduli, iliyo mbele ya Arusha katika njia ya kwenda Ziwa Manyara. Majina yote mawili yatokana na mti wa mkuyu. Afikapo hapo msafiri huona milima ya Usambara upande wa kuume, na upande wa kushoto huona bonde la mto Pangani, na ng'ambo yake nchi tambarare ya vichaka na miiba iendeleayo hata Handeni. Nchi ya namna hiyo ndiyo watu wa pwani waliyoiita nyika.

Neno hilo nyika lilichukuliwa na vijana wa Tanga, likapelekwa Mombasa, likawa jina la bendi ya muziki wa dansi iliyosikilizwa katika Afrika ya Mashariki yote kwa muda wa zaidi ya miaka 20. Nia ya makala haya ni kueleza historia ya bendi hiyo, Simba Wanyika, pamoja na historia ya jina lake. Mambo hayo mawili hayatengani, kwa maana kila bendi ilipogawanyika, jina nalo liligawanyika, na sarufi ya Kiswahili ikaonekana ikifanya kazi yake mahali ambapo wengi wetu hatukuwa na desturi ya kuitafuta.

Yafaa kwanza kueleza muziki wenyewe ulikotoka. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka wa 1893 ilifika Korogwe mwaka wa 1902 na Mombo mwaka wa 1905. Katika mwaka huo huo wa 1893 mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf, na baadaye mashamba yake yakaenea kandokando ya reli, Muheza, Korogwe na kwingineko. Mashamba hayo yaliwakusanya watu wa makabila mengi, wengine kutoka mbali sana kama vile Unyamwezi na nchi za kusini, na kila kundi lilikuja na ngoma zake. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Katika miji ya pwani kulikuwa na beni, ngoma iliyoiga gwaride na matarumbeta ya askari. Tangu miaka ya 1930 zikaja santuri za muziki wa Kuba, nazo zikapendwa mno. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka wa 1932, na Morogoro Jazz Band mwaka wa 1944. Salum Abdallah wa Morogoro aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba, na jina hilo peke yake latosha kuonyesha upepo ulikuwa ukivuma kutoka wapi.

Hapa yatupasa kusimama kidogo juu ya neno jazi. Katika majina ya bendi za Tanganyika neno hilo halikuwa na maana ya muziki wa Wamarekani Weusi ujulikanao kwa jina hilo. Maana yake ilikuwa bendi ya magitaa na matarumbeta ipigayo dansi, na muziki wenyewe ulikuwa karibu zaidi na rumba. Neno lilikopwa, lakini maana yake ikafanywa upya na wenye kulikopa. Hayo ndiyo mazoea ya Kiswahili tangu zamani.

Mji wa Tanga katika miaka ya 1960 ulikuwa na bahati ya kuwa na muziki wa namna mbili kwa wakati mmoja. Upande wa taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star, ambazo ziliingiza gitaa katika uimbaji wa taarabu na kuuchangamsha. Upande wa dansi kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zilizoshindana kama zishindanavyo timu za mpira. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walijifunza kazi yao katika Jamhuri Jazz katikati ya miaka hiyo. Mwaka wa 1970 walihamia Arusha, na njia ya kutoka Tanga kwenda huko ni hii hii ipitayo Makuyuni. Huko waliunda Arusha Jazz. Mwaka wa 1971 walivuka mpaka wakaenda Mombasa, na pamoja na ndugu yao William wakaanzisha Simba Wanyika. Mwaka wa 1975 bendi ilihamia Nairobi.

Mtu aweza kuuliza kwa nini vijana wa Tanga waliacha mji wenye muziki mwingi kiasi hicho. Sababu kubwa ilikuwa santuri. Katika Tanzania ya siku hizo bendi ilirekodi nyimbo zake katika studio ya redio ya taifa, na nyimbo zikasikika nchini kote, lakini kiwanda cha kutengeneza santuri hakikuwako. Santuri zilitengenezwa Nairobi, na makampuni yaliyoziuza yalikuwa huko. Bendi iliyokaa nyumbani ilipata sifa. Bendi iliyokwenda Nairobi iliweza kupata sifa na santuri. Tena Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1967, ilikuwa ingali hai, na watu wa nchi tatu walikuwa wamezoea kuendeana. Mwaka wa 1977 Jumuiya ilivunjika, na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa. Wanamuziki waliokwenda Nairobi kama majirani walijikuta wakiishi humo kama wageni.

Muziki wao ulisimama juu ya magitaa matatu yaliyosukwa pamoja: la solo, la kati na la besi, na saksafoni ikiitikia. Wimbo ulianza polepole ili maneno yasikike vema, kisha ukaongeza mwendo, na magitaa yakachukua nafasi ya waimbaji. Wasikilizaji wa Kenya waliusifu Uswahili wa nyimbo hizo. Bendi za Kongo zilizokuwa Nairobi zilikuwa na nguvu kubwa ya muziki, lakini wengi wa waimbaji wake walitumia Kilingala. Waimbaji kutoka Tanga waliimba kwa lugha ambayo msikilizaji wa Kisumu au wa Nakuru aliielewa, nayo ilikuwa lugha ya watu waliokua nayo. Kwa njia hiyo santuri ilifanya kazi ya mwalimu bila kuitwa mwalimu.

Sasa tuje kwenye jina. Kwa kufuata tahajia sanifu, jina hilo lingeandikwa kwa maneno matatu: Simba wa Nyika. Katika maandishi haya, simba ni jina la mnyama, wa ni kiunganishi cha umilikaji, na nyika ni mahali. Wataalamu wa lugha watatambua mara moja jambo la pili: kiunganishi hicho, kwa majina ya viumbe wenye uhai, hakibadiliki katika umoja na wingi. Simba mmoja ni simba wa nyika, na simba mia ni simba wa nyika vilevile. Jina hilo basi laweza kuwa la mtu mmoja au la watu wengi, na bendi ni kitu cha namna hiyo hasa, kwa kuwa wengi hupiga na sauti husikika moja.

Lakini juu ya santuri jina liliandikwa kwa maneno mawili: Simba Wanyika. Kiunganishi kilishikamana na neno lililokifuata. Mtu mkali wa tahajia ataliita kosa. Kabla ya kuhukumu, hata hivyo, yafaa tutazame matokeo yake, kwani neno Wanyika, likisimama peke yake, lina maana nyingine kabisa, na maana hiyo ina historia katika mji ule ule wa Mombasa ambako bendi ilizaliwa.

Waswahili wa Mombasa waliwaita majirani zao wa bara, yaani Wagiriama, Warabai, Waduruma, Wadigo na wenzao, kwa jina moja la Wanyika, watu wa nyika. J. L. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, alilikuta jina hilo na kuliandika katika vitabu vyake kwa umbo la Wanika. Lilikuwa jina la kupewa na watu wengine, nalo lilichukua dharau ya mtu wa mjini kwa mtu wa porini. Wenyewe hawakulipenda, na tangu miaka ya 1940 jina la Mijikenda, maana yake miji tisa, likashika mahali pake. Basi silabi ile wa ilipoungana na nyika, iliacha kuwa kiunganishi, ikawa kiambishi cha ngeli ya watu, na likaonekana tena umbo la jina la zamani lililotupwa kwa sababu ya uchungu wake.

Mpaka mwaka wa 1978 jambo hilo lilifichwa na neno simba lililotangulia. Mwaka huo bendi iligawanyika. Wanamuziki kadhaa, miongoni mwao Rashid Juma mpiga dramu, Tom Malanga wa gitaa la besi na Omar Shabani wa gitaa la kati, waliwaacha akina Kinyonga wakaunda bendi yao. John Ngereza na mwimbaji Issa Juma nao wakawa katika kundi hilo. Walihitaji jina litakaloonyesha walikotoka bila kuchukua mali ya wenzao. Walimwacha simba kwa wenyewe wakachukua sehemu iliyobaki, na mbele yake wakatia neno la Kifaransa, kwa mtindo wa bendi za Kongo kama Les Mangelepa. Hivyo ikapatikana Les Wanyika.

Tazama lililotendeka. Kama jina lingalikuwa limeandikwa kwa maneno matatu, wasingaliweza kulikata mahali pale, maana hakuna bendi iwezayo kuitwa «wa Nyika». Maandishi ya maneno mawili ndiyo yaliyowapa mahali pa kupitisha kisu. Tena les ni alama ya wingi katika Kifaransa, na wa- ni alama ya wingi katika Kiswahili. Jina la bendi mpya lilikuwa na wingi mara mbili. Wimbo wao «Sina Makosa» ulienea Afrika ya Mashariki yote, na jina Wanyika likatajwa kwa furaha mjini, mashambani na ndani ya magari ya abiria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Issa Juma naye alijitenga akaunda Super Wanyika. Akina Kinyonga, ili wasipotee katikati ya majina yaliyotokana na la kwao, waliongeza neno mwishoni mwa jina wakaitwa Simba Wanyika Original.

Mwaka wa 1992 santuri yao «Pepea» ilitolewa Uholanzi na kampuni ya Kameleon. Neno hilo la Kiholanzi maana yake ni kinyonga, sawasawa na jina la ukoo wa ndugu hao. Mwaka huo huo George alifariki. Wilson alifariki mwaka wa 1995, na bendi ikakoma pamoja naye.

Yapo mambo mawili ambayo mwandishi wa makala haya angependa yafikiriwe na wasomaji. La kwanza ni juu ya urithi. Katika Kenya wanamuziki hawa walihesabiwa kuwa Watanzania, na katika Tanzania nyimbo zao zilihesabiwa kuwa muziki wa Nairobi. Kazi isiyodaiwa na taifa lolote haina wa kuitunza, na santuri huvunjika, na watu hufa. Nyimbo hizi ziliimbwa kwa Kiswahili kilichofahamika Tanga, Arusha, Mombasa na Nairobi. Kwa hiyo warithi wake wa haki ni wenye lugha, po pote walipo, na kuzikusanya na kuyaandika maneno yake ni kazi ya wachunguzi wa lugha kama ilivyo kazi ya kukusanya tenzi.

La pili ni juu ya hukumu. Tahajia ya Simba Wanyika haikufuata kanuni, lakini iliwawezesha watu kugawana jina pasipo kuliharibu, kila upande ukaondoka na fungu lenye maana. Na neno ambalo watu wa mjini walilitumia kwa miaka mingi kumdharau mtu wa porini lilichukuliwa kwa hiari na wanamuziki wa pwani, likawa jina la sifa. Nyika iliyoko upande wa kushoto wa barabara pale Makuyuni haikubadilika. Ni ile ile ya vichaka na miiba. Kilichobadilika ni sauti ya mtu alitajapo jina lake.